Kutoka fedha mpaka dhahabu: mtihani wa mazoezi wa jeshi la Singapore na jinsi unavyonitoa jasho huku kwetu

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, mpaka wengine mmeanza kuuliza kwenye maoni kama nimepata kazi au nimeoa. Hakuna hata kimoja! Nilikuwa uwanjani. Leo nimekuja kafe na shilingi elfu moja yangu mfukoni, nimeandika kwenye daftari kwanza ili nisipoteze dakika, na nataka niwaeleze kitu ambacho kimenishika kichwa kwa miezi minane sasa.

Kwanza nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilienda kwenye usaili wa kujiunga na chombo kimoja cha ulinzi. Mama aliuza kuku wake sita ili nipate nauli na hela ya kula ya siku tatu. Vyeti vilipita, vipimo vya afya vikapita, urefu ukapita. Tukaingia kwenye kukimbia. Basi bwana, nikatoka kwa kasi kama nimeona nyoka, mzunguko wa kwanza nipo mbele ya wote, vijana wananishangilia. Mzunguko wa tatu kifua kinawaka moto. Wa nne nikakaa chini. Sikuanguka, sikuzimia, nilikaa chini mwenyewe. Afande akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, nenda nyumbani." Huo upole ndio ulioniuma zaidi.

Nilirudi na basi la usiku. Mama hakusema kitu, aliniwekea chakula tu. Lakini kila nikipita pale banda la kuku nilikuwa naona lile banda linanitazama.

Kilichonisumbua ni kwamba sikujua nimepungukiwa kiasi gani. Ukifeli hesabu unaambiwa umepata 18 kwa 100, unajua umbali uliobaki. Mimi niliambiwa nenda nyumbani. Sasa ningejiandaaje na usaili mwingine wakati sina kipimo? Ndipo nikaanza kupekua mtandaoni nchi nyingine wanapimaje askari wao, na nikakutana na mtihani wa Singapore. Unaitwa IPPT. Nimeusoma mpaka nimeujua kama sala, na nimeamua niutumie kama mizani yangu. Kaeni mkao wa kula niwaeleze unavyofanya kazi.

WENYEWE WANAUFANYA KWA NINI

Singapore ni kinchi kidogo cha kisiwa kule Asia ya Kusini Mashariki, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Joto lake na unyevu wake ni kama wa Dar au Mombasa. Kilipata uhuru wake kamili 1965 kilipotengana na Malaysia, na mwaka 1967 wakaanzisha jeshi la lazima kwa vijana wa kiume. Mpaka leo kijana akifika miaka 18 anaitwa, anakaa miaka miwili (zamani ilikuwa miwili na nusu, ikapunguzwa 2004), halafu anarudi uraiani. Lakini hajaachiwa moja kwa moja! Anabaki askari wa akiba kwa miaka mingi, anaitwa kwenye mazoezi, na kila mwaka anatakiwa athibitishe kwamba mwili bado upo.

Hapo ndipo IPPT inapoingia. Fikirieni karani wa benki, dereva wa teksi, mwalimu, mtu ana kitambi na watoto wawili, lakini kila mwaka anakwenda kupiga pushapu mbele ya msimamizi. Tangu Aprili 2021, asiyefaulu ana njia nyingine ya kumaliza wajibu wake: anahudhuria vipindi 10 vya mazoezi. Kwa hiyo wanachokitaka pale ni kumfanya mtu asogee, adhabu si lengo.

Zamani mtihani ulikuwa na vituo vitano: sitapu (zile za tumbo), kuruka mbali ukiwa umesimama, kukimbia kwa kugeuka mita 10 mara nne, kujivuta juu ya chuma, na mbio za kilomita 2.4. Mwaka 2014 wakatangaza kuupunguza, na kuanzia 2015 ukabaki na vituo vitatu tu: pushapu kwa dakika moja, sitapu kwa dakika moja, na zile mbio za kilomita 2.4. Chuma hakihitajiki, mchanga wa kurukia hauhitajiki. Mtu anaweza kujiandaa sebuleni na barabarani. Hiki ndicho kilichonivutia mimi nisiye na hela ya jimu.

HESABU ZAKE

Jumla ni pointi 100. Pushapu zina 25, sitapu 25, mbio 50. Kwa kijana aliye chini ya miaka 22, ili upate zote 100 unatakiwa upige pushapu 60 ndani ya dakika moja, sitapu 60 ndani ya dakika moja, na umalize kilomita 2.4 kwa dakika 8 na sekunde 30. Umri ukipanda kiwango kinalegea, na makundi yanabadilika kila baada ya miaka mitatu. Yaani baba wa miaka 40 anapata pointi zile zile kwa pushapu chache kuliko mimi.

Halafu kuna ngazi. Kwa wale askari wa akiba, ukipata pointi 51 umefaulu tu, hupewi kitu. Ukipata 61 umefaulu na unapewa zawadi. Ukifika 75 unapata tuzo ya fedha. Ukifika 85 unapata dhahabu. Mfumo huu ulipoanza 2015, zawadi zilikuwa dola 200 za Singapore kwa 61, dola 300 kwa fedha na dola 500 kwa dhahabu. Na kwa makomando, wapiga mbizi wa jeshi la majini na kikosi chao cha Guards, dhahabu haianzi 85, inaanzia 90. Hao ni watu wengine, tuwaache!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye siri ya kupanda kutoka fedha kwenda dhahabu. Dhahabu ni 85, maana yake unaruhusiwa kupoteza pointi 15 tu kwenye mtihani wote. Kama wewe ni fundi wa pushapu na sitapu na umechukua zote 50, bado unadaiwa 35 kwenye mbio. Kama wewe ni mkimbiaji hatari umechukua 50 za mbio, bado unadaiwa 35 kwa mikono na tumbo. Hakuna pa kujificha. Na ukipata sifuri kwenye kituo kimoja umefeli hata kama vingine umeua.

Kitu cha pili, pointi hazijagawanywa sawasawa. Ukilitazama jedwali lao utaona pushapu za mwanzo mwanzo ndizo zinazoleta pointi kwa wingi. Ukishavuka 40 unaweza ukaongeza mbili, tatu, na pointi isisogee. Kwa hiyo mtu wa chini anapanda haraka, mtu wa katikati anapanda polepole, mtu wa juu anatambaa. Nilipolielewa hili nikaacha kujilaumu. Kutoka kufeli mpaka fedha ilinichukua miezi mitatu na nusu. Kutoka fedha kwenda dhahabu, huu mwezi wa tano na bado nipo njiani.

KUHUSU HIZO KILOMITA 2.4

Mtauliza kwa nini 2.4, si 2 wala 3? Hii ni maili moja na nusu. Kulikuwa na daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, ambaye mwaka 1968 alitoa utaratibu wa kupima uwezo wa moyo na mapafu bila mashine: unamkimbiza mtu dakika 12 unapima amefika wapi. Njia nyingine ni kumpa maili moja na nusu na kupima ametumia dakika ngapi. Umbali huu ni mrefu kiasi kwamba nguvu za kushtukiza haziwezi kukufikisha, na mfupi kiasi kwamba hauwezi kuutembelea ukajiita umekimbia. Kwa lugha nyepesi, ni umbali unaomuumbua mtu kama mimi niliyeanza kama nimeona nyoka.

Siku ya kwanza niliazima futi kamba ya mita 50 kwa fundi mmoja wa ujenzi pale mtaani, tukapima njia inayozunguka uwanja wa shule. Ikatoka mita 300 kamili baada ya kusogeza kona moja. Mizunguko minane ni mita 2,400. Nikajipima kwa simu. Dakika 13 na sekunde 10! Pushapu 18. Sitapu nilihesabu mwenyewe nikapata 21, na nyie mnajua mtu akijihesabia mwenyewe. Nikaangalia jedwali: hata ile 61 ilikuwa mbali. Nikaelewa kwa nini yule afande aliniambia niende nyumbani. Lakini ajabu ni kwamba nilifurahi. Sasa nilikuwa na namba.

MAKOSA YANGU, ILI MSIYARUDIE

Kosa la kwanza: kukimbia kila siku kwa nguvu zote. Nilidhani mazoezi ni kujitesa. Wiki ya tatu mifupa ya ugoko ikaanza kuuma, kwanza nikiamka, halafu hata nikitembea. Nikaendelea kibishi. Matokeo yake nikakaa wiki mbili bila kukimbia kabisa. Jamani, ugoko ukiuma si udhaifu wa roho, ni mfupa unakwambia umeupa mzigo kabla haujawa tayari. Mapafu yanazoea haraka, misuli inafuata, mifupa na kano zinakuja mwisho. Ongeza umbali kidogo kidogo, na usiongeze umbali na kasi kwenye wiki moja.

Kosa la pili: kuanza kwa fujo. Kuna mzee mmoja jirani, mstaafu wa jeshi, huwa anakaa nje asubuhi na redio yake. Siku moja nikampita nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akasema, "Marahaba. Mwanangu, mbona unakimbia kama unafukuzwa? Nani anakufukuza?" Nikacheka. Akaniambia, "Mzunguko wa kwanza uwe mzunguko wa kuchosha wenzako kwa kuwasubiri." Nikarudi nyumbani nikafanya hesabu. Ukitaka kumaliza kwa dakika 10, kwa uwanja wangu wa mita 300 ni sekunde 75 kila mzunguko. Mimi wa kwanza nilikuwa natumia 58, wa sita natumia 95. Siku niliyojilazimisha kuanza na 80 nikaona aibu, nikahisi natembea, watoto wa shule wakanipita. Lakini nilimaliza nikiwa nimepunguza karibu dakika nzima, bila kuongeza nguvu hata kidogo. Nilikuwa naitupa mwenyewe ile dakika!

Kwa wenye uwanja wa riadha wa mita 400, mizunguko ni sita. Dakika 12 ni sekunde 120 kwa mzunguko, dakika 10 ni sekunde 100, na zile dakika 8 na nusu za pointi 50 ni sekunde 85. Mara sita mfululizo. Jaribuni mara moja tu ndipo mtawaheshimu watu.

Kosa la tatu ndilo kubwa: kujidanganya kwenye kuhesabu. Mwezi wa tatu nilikuwa najitangazia sitapu 47. Nikamwomba mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, anishikie miguu na anihesabie. Nikamsomea sheria za kule: magoti yamekunjwa, mikono masikioni muda wote, mgongo wa juu uguse chini, halafu viwiko viguse magoti. Mikono ikitoka masikioni, hiyo haihesabiwi. Kwenye pushapu, mwili unyooke kama ubao, ushuke mpaka mikono ya juu ilingane na ardhi, halafu upande mpaka viwiko vinyooke. Kule kuna mashine zenye vihisi zinazohesabu. Mimi nina mdogo wangu, na niwaambie, mashine ina huruma kuliko yeye.

"Kumi na tano... kumi na tano... kumi na tano... Kaka, hiyo siihesabu, hujagusa magoti."

"Nimegusa!"

"Hujagusa. Kumi na tano."

Kutoka 47 nikashuka mpaka 33. Nilinuna siku nzima, sikumsemesha. Jioni akaniletea chai akasema, "Kaka, unataka nikudanganye mimi halafu wakuambie ukweli wao?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo hesabu inayohesabika ni yake tu.

NINAVYOFANYA SASA

Wengi mtataka utaratibu, basi huu hapa. Mimi si kocha, ni mwanafunzi wa kidato cha nne niliyemaliza, lakini haya ndiyo yaliyonitoa dakika 13 na 10 mpaka dakika 10 na sekunde 35 ndani ya miezi mitatu na nusu, ambayo pamoja na pushapu 42 na sitapu 41 yaliniweka kwenye fedha.

Jumatatu: mbio za vipande. Baada ya kupasha mwili dakika 10, nakimbia mita 300 kwa kasi ninayoitaka siku ya mtihani, halafu natembea au nakimbia taratibu kwa muda ule ule, narudia mara nane. Nilipokuwa naitafuta dakika 10, kila kipande kilikuwa sekunde 75. Sasa hivi ni 72, maana 72 mara nane ni dakika 9 na sekunde 36. Kanuni ni moja: kipande cha mwisho kiwe sawa na cha kwanza. Kama cha kwanza ni 65 na cha mwisho ni 85, huo si mpango, ni hasira.

Jumatano: mbio ndefu za polepole, dakika 35 mpaka 45. Polepole kweli, kiasi kwamba ungeweza kuongea na mtu bila kuhema. Hapa ndipo wengi wanafeli kwa sababu wanaona kama hawafanyi kitu. Lakini huu ndio msingi wa nyumba. Vipande ni ukuta na bati, na hakuna fundi anayeanzia bati.

Ijumaa: dakika 15 mpaka 20 za kasi ya kati, ile ambayo unaweza kusema neno moja moja tu.

Jumapili: nikijisikia vizuri narudia mbio ndefu, nikiwa nimechoka napumzika. Kupumzika ni sehemu ya mazoezi, mwili unajijenga ukiwa umelala, hauwezi kujijenga ukiwa unakimbia.

Pushapu na sitapu sizifanyi kwa kujiua mara moja. Nagawa. Kama kiwango changu cha juu ni 40, napiga 20 asubuhi, 20 kabla ya kuoga, 20 mchana, 20 jioni, siku tano kwa wiki, na zote safi. Misuli inajifunza kazi bila kuchoka mpaka kuharibika. Mara moja kwa wiki ndipo nawasha saa na kupiga dakika nzima, maana dakika moja ina ufundi wake pia. Ukianza kwa pupa, sekunde ya 35 mikono inageuka uji. Mimi napiga za kwanza 25 kwa haraka lakini kwa mpangilio, halafu napumzika sekunde mbili nikiwa mikono imenyooka, naendelea na tano tano.

Kama ni mpungufu kabisa wa pushapu, anza kwa kuegemea ukuta, halafu kitanda, halafu chini. Hakuna aibu. Aibu ni kukaa chini mzunguko wa nne, naijua ladha yake.

Chakula: msinitafutie mambo ya poda za kopo. Ugali, maharage, dagaa, mayai ukipata, mboga, matunda ya msimu. Ninachozingatia ni kutokukimbia tumbo likiwa limejaa, na maji kwa siku nzima, siyo lita mbili dakika tano kabla. Na kwa sababu sisi na hao wa Singapore joto letu ni moja, kimbieni alfajiri au jioni. Joto linaua, hata askari mwenye afya linaweza kumwangusha. Ukiona kizunguzungu, baridi wakati unatoka jasho, kuchanganyikiwa, au maumivu ya kifua, simama hapo hapo, tafuta kivuli na maji, na uende hospitali. Na kama una pumu, moyo au presha, muone daktari kabla ya kuanza, usije ukasema ulisoma kwangu.

KWA NINI KUTOKA FEDHA KWENDA DHAHABU NI KUGUMU

Nilipofika fedha nilitamba mtaani wiki nzima. Nikadhani mwezi mmoja tu nipo dhahabu. Wapi! Miezi miwili nilikwama pale pale. Nilikuwa nafanya mazoezi yale yale, kwa kasi ile ile, nikitegemea matokeo tofauti. Mwili ni mjanja, ukishauzoesha mzigo unaona hakuna haja ya kujenga zaidi.

Nikakaa na daftari. Kwenye pushapu na sitapu ningeweza kupata pointi mbili tatu kila upande kwa kazi ya miezi. Kwenye mbio kulikuwa na pointi nyingi zimelala. Kwa hiyo nikabadilisha: pushapu na sitapu nikazipandisha taratibu tu, nguvu nyingi nikazipeleka kwenye vipande na mbio ndefu. Hapo ndipo kidonda kilianza kupona. Jumamosi iliyopita nilijipima mbele ya mdogo wangu na yule mzee mstaafu, ambaye siku hizi anakuja na kiti chake. Pushapu 46. Sitapu 45, baada ya mbili kukataliwa (mnajua na nani). Mbio: dakika 9 na sekunde 58.

Kwa mara ya kwanza maishani nimekimbia kilomita 2.4 chini ya dakika 10. Nilipomaliza sikukaa chini. Nilisimama nimeshika kiuno, natweta, mzee akaniambia, "Leo hukufukuzwa." Nikaenda nyuma ya darasa nikajifanya nanawa uso.

Bado si dhahabu. Nipo kwenye fedha, pointi chache chini ya ile 85. Ningeweza kuwadanganya hapa niseme nimefika, nani angejua? Lakini nimeshajifunza gharama ya kujihesabia mwenyewe.

NENO LA MWISHO KWA VIJANA WENZANGU

Msije mkanielewa vibaya. Sisemi usaili wa kwetu unafuata mtihani wa Singapore, haufuati. Kila jeshi lina wake, na hata wenyewe wanabadilisha. Marekani walikaa na mtihani wa pushapu, sitapu na maili mbili kuanzia 1980, mwaka 2022 wakawa rasmi na mwingine wenye kunyanyua vyuma na kukokota mzigo, na Juni 2025 wakaubadilisha tena ukawa wa vituo vitano. Kwa hiyo tangazo likitoka, someni tangazo lenyewe. Ninachosema ni kwamba mtu akiwa na kipimo anajua anakwenda wapi. Ukijipima leo, ukaandika tarehe na namba, tayari umemzidi yule mimi wa mwaka jana.

Na jambo lingine, tafadhali sana: nafasi zikitangazwa, kuna watu watakupigia simu wakwambie wana mjomba ndani, tuma laki tatu. Hao ni matapeli. Kama una laki tatu, mnunulie mama yako kuku.

Mimi nasubiri tangazo lijalo. Umri bado unaniruhusu, ila haunisubiri. Nikiitwa nitakwenda kwa nauli yangu mwenyewe, nimeanza kubeba matofali kwa yule fundi mwenye futi kamba na naweka kidogo kidogo. Kuku wa mama wamefika wanne sasa, wawili nimewanunua mimi.

Haya wadau, dakika zangu zinaisha, kijana wa kafe ananitolea macho. Nendeni mkapime mita zenu, mjipime, halafu mniandikie kwenye maoni hapo chini: pushapu ngapi, sitapu ngapi, dakika ngapi. Semeni ukweli. Na mhesabiwe na mtu mwingine, ikiwezekana mdogo wenu wa kike.

Tuko pamoja.